Dijei mwenye shati la maua na nyomi lililoimeza Brighton

Mwaka 2002 mji wa Brighton, kusini mwa Uingereza, ulikuwa na wakazi karibu 250,000. Jumamosi ya tarehe 13 Julai mwaka huo, ufukweni tu, ukiacha waliokwama barabarani na kwenye treni, walikadiriwa kufika watu 250,000. Yani hesabu mliomo nyumbani kwako, afu wageni wa idadi ileile waingie kwa mpigo sebuleni bila hodi wala kilo ya sukari mkononi, na sebule yenyewe chini ni kokoto na upande mmoja ni bahari. Waandaaji walikuwa wamejipanga kwa watu kama 60,000. Hakukuwa na tiketi, hakukuwa na geti, kiingilio bure. Kilichowaita watu wote hao ni dijei mmoja wa palepale mjini, Fatboy Slim, mwenye shati la maua.

Mi hiki kisa nimekisikia kikisimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaokisimulia kwa kujigamba kana kwamba shoo ilikuwa yao, ona nyomi, dijei peke yake kajaza watu kuliko timu ya taifa, na kuna wanaokisimulia kwa kusonya, uzembe mtupu, walevi wamejazana. Wote wanaruka kitu kilekile, tabia ya jamaa mwenyewe. Ule utani wake ndo ulioleta watu wote wale, na kwa maoni yangu ndo huohuo uliochangia wengi wao kurudi makwao wazima. Kwahiyo ngoja nianze na yeye, shoo tutaikuta mbele.

Kwenye cheti anaitwa Quentin Leo Cook, kazaliwa Bromley mwaka 1963. Ukubwani akajiita Norman, na baada ya hapo akawa anabadilisha majina kama mtu anayekimbia madeni: Beats International, Freak Power, Pizzaman, Mighty Dub Katz, mpaka Guinness wakamwandika kwenye rekodi zao kwa kuingiza nyimbo kwenye 40 bora ya Uingereza kwa majina mengi kuliko mtu yeyote. Fatboy Slim ni jina alilolivaa katikati ya miaka ya 90 na ukilitafsiri ni kama kumwita mtu Bonge Mwembamba, halina maana yoyote na ndo raha yake. Mwanzo kabisa alikuwa mpiga besi wa bendi ya The Housemartins kutoka Hull, na Desemba 1986 bendi hiyo ikakamata namba moja kwa wimbo ambao hauna chombo hata kimoja, sauti tupu. Fikiria we ni mpiga gitaa la besi, afu wimbo mkubwa kuliko yote mliowahi kutoa hauna besi. Mwaka 1990 akarudi namba moja na Beats International, safari hii besi ipo tena nzito, tatizo ni kwamba haikuwa yake, aliikata kwenye wimbo wa bendi ya The Clash, na malipo ya kile kipande yakamkamua mpaka mfukoni pakabaki upepo.

Sa hapo ndo unaanza kumwelewa. Huyu mtu kafilisika na namba moja mkononi, miaka michache baadaye anafanya kazi na lebo ndogo ya Brighton inayoitwa Skint, neno ambalo kwa Kiswahili chetu cha mtaani ni kapuku, mtu asiye na hata senti. Kuanzia 1999 hiyo lebo ikawa mdhamini wa jezi ya Brighton & Hove Albion, timu ambayo uwanja wake uliuzwa katikati ya miaka ya 90, mwaka 1997 ikahamia kucheza nyumbani kwa watu huko Gillingham, mbali na kwao, kabla ya kurudi Brighton kwenye uwanja wa riadha. Yani wachezaji wasio na uwanja wanaingia mechi wameandikwa KAPUKU kifuani, na mashabiki wakalipenda, jezi zile leo watu wanazitafuta kwa bei mbaya. Ukitaka kujua utani wa Brighton ukoje, uangalie hapo.

Afu ikaja 1999 na wimbo wa "Praise You", sauti yake kuu aliitoa kwenye wimbo wa zamani wa Camille Yarbrough wa mwaka 1975. Wimbo ukapanda namba moja. Msanii wa kawaida akifika hapo anakodi helikopta na wanenguaji, yeye video ikapigwa nje ya sinema moja kule Los Angeles bila kibali. Mwongozaji Spike Jonze mwenyewe na kundi la watu wanaocheza kama kamati ya harusi iliyofanya mazoezi mara moja tu wanakata mauno mbele ya wapita njia, katikati mfanyakazi wa sinema anatoka anazima redio yao, wanarukiana naye kidogo, muziki unarudi. Bajeti inayotajwa ni kama dola 800. Kwenye tuzo za MTV mwaka huohuo video ile ikabeba 3. Februari 2002, miezi mitano kabla ya kisa chetu, video yake nyingine, ile ambayo mwigizaji Christopher Walken anacheza peke yake kwenye hoteli tupu mpaka anapaa, ikachukua Grammy. Kwahiyo tunapofika Julai huyu jamaa yuko kileleni kabisa, na bado anaonekana kama jirani anayekuazima ngazi.

Kuna wabishi watakwambia Fatboy Slim si dijei wa hausi, ule muziki wa klabu wa mashine, yeye ni mtu wa bigi biti, binamu yake wa ngoma nzito za kukatikakatika. Kwenye albamu sawa, nawapa. Lakini mkute kwenye mashine, sahani za santuri mbili zinazunguka, ni hausi ndo inayobeba kazi, ngoma nne kwa nne bila kuchoka, na yale majina mengine ya Pizzaman na Mighty Dub Katz yalikuwa hausi tupu. Tofauti yake na wenzake ni anavyosimama. Madijei wa hausi wengi, hasa zama zile, wanainamisha kichwa, hedifoni sikio moja, uso wa mhasibu mwisho wa mwezi. Huyu yuko pekupeku, shati la Hawaii, anachekacheka na umati, mikono juu kama kocha aliyeona goli, anakata wimbo sehemu ambayo hutegemei afu anakuangalia kuona umeshtuka. Ana ugonjwa wa zile sura za njano zinazocheka, anazikusanya kama wengine wanavyokusanya stempu. Mtu wa mstari wa mwisho kabisa anaona kama anachekeshwa yeye.

Hiyo ndo mali. Na kama nlivyosema, ndo mwanzo wa balaa.

Mwaka 2001 walikuwa wamefanya ya kwanza palepale ufukweni. Channel 4, kituo cha televisheni, walifunga skrini kubwa watu waangalie kriketi bure, na jioni Norman akapiga muziki. Wakaja watu zaidi ya 30,000, wakacheza, wakaondoka, kila mtu kafurahi. Jina la shoo, Big Beach Boutique, lenyewe lilikuwa utani juu ya usiku wa klabu wa Skint ulioitwa Big Beat Boutique. Kwahiyo 2002 wakasema turudie, na makadirio yakawekwa 60,000. Na ukweli usiwalaumu haraka. Kama mwaka jana walikuja 30,000 na kitu, ukiweka 60,000 umeshazidisha karibu mara mbili, kwenye kikao ungeonekana mtu makini tena mwenye wasiwasi kupita kiasi.

Tatizo ni kwamba walikuwa wanahesabu shoo, hawakuhesabu mwaliko. Hivi ni vitu viwili. Shoo ya kulipia inajihesabu yenyewe, tiketi zikiisha zimeisha, na mtu wa London saa nne asubuhi akiwa kitandani anajua hana tiketi analala tena. Shoo ya bure haina neno la kumzuia mtu yule. London kwenda Brighton kwa treni ni kama saa 1, London ina watu zaidi ya milioni 7, ni Jumamosi, jua limetoka, na Waingereza jua likitoka wanalichukulia kama mshahara uliochelewa, hawalali nalo ndani. Simu za mkononi zimeshaenea, mesej inamfikia rafiki na rafiki wa rafiki. Na anayealika ni nani? Angekuwa dijei wa sura ya mhasibu, wangekuja mashabiki wa hausi. Siku hiyo John Digweed, mkali mzito kabisa wa muziki ule, naye alikuwepo kwenye orodha, na sidhani kama kuna mama mwenye watoto aliyepanda treni kwa ajili yake. Kwa Fatboy Slim hata asiyejua hausi ni nini anajiona kaalikwa yeye binafsi, kwa jina, yule jamaa wa video ya vichekesho anapiga bure pwani, twende. Wakaja wanafunzi, wakaja wa ofisini, wakaja wenye magari ya watoto, wakaja waliokuwa wanapita tu.

Kabla sijaingia kwenye usiku wenyewe, pasome pale mahali kwanza maana bila hivyo hutaelewa. Ufukwe wa Brighton hauna mchanga kama wa kwetu, ni kokoto, mawe ya duara ya ukubwa wa viazi, na umeinama kuelekea majini. Kila ukipanda hatua moja unateleza nusu. Juu yake kuna njia ya kutembelea, juu ya hiyo kuna ukuta wenye matao ambayo ndani yake ni mabaa na maduka, na juu ya matao ndo barabara kuu ya pwani yenye reli za chuma pembeni. Jukwaa liliwekwa kati ya magati mawili, lile la burudani na lile la magharibi ambalo lilikuwa limefungwa tangu 1975. Kwahiyo umati una bahari mbele, ukuta nyuma, na kutoka ni kwa ngazi na miteremko ya kuhesabika. Mtu yeyote aliyewahi kubeba spika akionyeshwa mchoro ule anakuna kichwa.

Na kuna bahari. Hapa nisamehewe mi ni mtu wa pwani, kwenye habari zote za ule usiku kitu cha kwanza nlichotafuta ni mwezi. Mwezi uliandama tarehe 10 Julai, shoo ni tarehe 13, maana yake tuko kwenye bamvua kabisa, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na pwani ile ya Brighton maji ya bamvua hupishana kujaa na kupwa hata mita 6, mengi kuliko yetu. Ukipiga hesabu, jioni ile mapema maji yalikuwa yametoka, ufukwe mpana unatamanisha, watu wakateremka mpaka chini kabisa, afu kadri giza linavyoingia, na kule Julai jua linazama saa tatu usiku, bahari ikawa inarudi kidogokidogo kudai sehemu yake. Na watu wanazidi kuingia kwa juu. Ukumbi unapungua, wageni wanaongezeka.

Hii kitu naijua kwa ngozi. Zamani kidogo nlikuwa nabeba vyombo vya muziki, kazi moja tukaipata upande wa Kigamboni, bonanza la ufukweni la kampuni fulani, tukafika jioni bahari iko mbali huko, tukasema si tusogee mbele kule kuna upepo. Akapita mzee mmoja mvuvi ana madema begani, tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama akaangalia jenereta, akaangalia baharini, akasema, "Wanangu, nani kawaambia bahari imehama?" Tukacheka. Mmoja wetu akamjibu, "Babu usiwe na wasi, tunaondoka usiku wa manane." Mzee akasema haya, akaenda zake hata hakubishana. Saa tisa usiku watu bado wanacheza, mi nimekaa kwenye kreti nasinzia, nikasikia miguu ya baridi. Maji yako chini ya kreti, waya mkubwa wa umeme unaelea kama mkunga, jenereta imezungukwa na watoto wa mawimbi, na watu wanaruka palepale wanafikiri ni burudani. Tulizima kwa kukimbia. Sisi tulikuwa watu kama 300. Sasa zidisha mwenyewe.

Basi Brighton. Watu walianza kufika mapema mchana, na kufikia jioni barabara za kuingia mjini zimesimama, treni zinashusha tu. Picha za usiku ule zipo, muziki wote ulirekodiwa na baadaye ukauzwa kwa sidii na dividii, na ukiziangalia kitu cha ajabu ni kwamba huoni kokoto. Hakuna chini. Ni vichwa kutoka ukutani mpaka majini, na pembeni kabisa watu wamesimama ndani ya bahari maji ya magoti wanacheza kwa sababu ndo nafasi iliyobaki. Wengine wamekwea nguzo za taa. Magari ya wagonjwa yanapata taabu hata kupenya, na jamaa wa huduma ya kwanza wanapokea miguu iliyokatwa na chupa, vifundo vilivyoteguka kwenye yale mawe, watu waliozimia kwa joto na pombe. Waliotibiwa walizidi 100.

Wataalamu wa mambo ya umati wanasema watu 4 kwenye mita moja ya mraba bado unaweza kugeuka, kumwambia mtu samahani, kupita. Wakifika 6 au 7 mwili unakuwa si wako tena, unaenda unakopelekwa kama boya, na hapo hata mtu akipiga kelele "rudini nyuma" wa nyuma hawasikii na wa mbele hawawezi. Hicho ndo kinachoua, mtu anabanwa kifua kasimama, hata mkanyagano hauhitajiki. Na dijei yuko juu na maikrofoni na mashine mbili, sa afanye nini? Wengi watasema si azime. Mi nakataa. Ukizima ghafla muziki mbele ya watu robo milioni gizani, wote wanageuka upande mmoja kwa wakati mmoja kutafuta njia, na njia ni zile ngazi. Muziki pale ulikuwa unafanya kazi ya kuwashikilia watu mahali walipo. Ukibadilisha kasi, ukiwapa sehemu ya kuimba badala ya kuruka, ukiwachekesha, umewatuliza na hawajui kama wametulizwa. Madijei wa harusi mnajua hiyo, ukiona meza ya walevi imeanza kusukumana unapiga taarabu ya zamani mama zao waingie kati.

Ndo maana nasema utani uliokoa. Watu wote wale, joto, bia, mbanano, na bado polisi walikamata wachache tu na sifa uliyobaki nayo umati ule ni kwamba lilikuwa kundi la furaha. Umati unachukua sura ya mtu wanayemwangalia. Wanamwangalia bwana mmoja pekupeku anayecheka, basi wanapitishiana maji, wanambeba juu kwa mikono aliyezimia, wanamwambia mwenzie pole. Weka pale juu mtu wa kuchochea, wa "vunja vunja", hesabu ingekuwa nyingine.

Lakini isigeuke ngano nzuri. Watu wawili walikufa. Mwanamume mmoja alipata mshtuko wa moyo. Msichana mmoja, mgeni kutoka Australia, alianguka kutoka kwenye zile reli za juu nlizozitaja, akafariki. Reli za barabara ya kawaida kabisa ambazo siku nyingine watu wanaegemea wakila chipsi. Ndo zilivyo hizi ajali, mitambo mikubwa yote inasimama salama, mtu anapotelea kwenye kitu ambacho hakuna aliyekiorodhesha maana si sehemu ya shoo.

Ilipoisha likaja tatizo ambalo mi naliona kubwa kuliko shoo yenyewe, kwenda nyumbani. Treni haziwezi kubeba robo milioni usiku mmoja, stesheni ikajaa, barabara hazitembei. Maelfu wakalala palepale kwenye kokoto. Asubuhi mji ukaamka na taka zaidi ya tani 100, na mbaya kuliko wingi wake ni vioo, chupa zilizovunjika na kuzama kati ya mawe ambako fagio halifiki. Kwenye mchanga ungepitisha reki, kwenye kokoto unaokota kimoja kimoja. Wakazi wakatoka kusaidia kusafisha, wengine wananuna wengine wanacheka, na nadhani wengi walikuwa wanafanya yote mawili.

Kosa la nani basi? Sioni kwamba ni la dijei kualika, na sioni kwamba ni la watu kuja. Ni la kuamini kwamba kitu cha bure kinaweza kuwa na idadi. Ukitaka kupima waliponea wapi, nenda Duisburg, Ujerumani, tarehe 24 Julai 2010. Love Parade, nayo muziki wa elektroniki, nayo bure, watu wakaingizwa na kutolewa kupitia handaki moja na mteremko mmoja. Wakafa 21, waliojeruhiwa wakapita 500, na Love Parade haikufanyika tena. Ukiweka ramani mbili pamoja, Brighton ilikuwa na bahati ya kuwa wazi upande wa majini. Kungekuwa na ukuta pande zote usiku ule tungekuwa tunasimulia kisa kingine kwa sauti nyingine.

Kilichonivutia ni alivyorudi. Msanii mwingine angekimbilia kwenye viwanja vya kulipia, na kweli alizunguka dunia, 2004 akapiga ufukweni Rio de Janeiro. Lakini Brighton akarudi tarehe 1 Januari 2007, na suluhisho walilopata mi nacheka kila nikilikumbuka. Tiketi kama 20,000, na kununua lazima uwe unaishi pale, wakaangalia posikodi, zile herufi na namba za eneo kwenye anwani, lazima ianze na BN. Yani yule aliyealika dunia nzima bila kubagua akarudi kusema leo ni wa mtaani tu, onyesha anwani. Tena Mwaka Mpya, baridi ya baharini inapiga usoni, hakuna mtu wa London atakayejipenyeza kwa hali ya hewa ile. Walichagua siku ambayo ufukwe wenyewe unafukuza watu. Baada ya hapo ikaja 2008, na 2012 wakahamia kabisa kwenye uwanja mpya wa Albion, ile timu ya jezi za Kapuku ambayo sasa ina nyumba yake, viti vimehesabiwa na mageti yanazunguka. Mwaka 2022, miaka 20 imefika, akapiga tena palepale kwenye kokoto, safari hii kwa tiketi na uzio.

Na utani haukufa. Mwaka 2009 aliacha pombe baada ya kwenda kutibiwa, na kwa dijei hiyo ni kama mvuvi kuacha samaki, wengi walidhani zile cheko zilikuwa za chupa. Agosti 2012 kwenye kufunga Olimpiki ya London, mbele ya dunia nzima, basi likaingia uwanjani, likafunguka, akajitokeza pweza mkubwa wa kujazwa upepo, Norman yuko kichwani kwa pweza anapiga muziki. Hajanywa kitu.

Ana mgahawa mdogo Hove, ufukweni hukohuko, mwendo wa miguu kutoka lilipokuwa lile jukwaa. Wakati wa korona shoo zote zimefungwa duniani akaenda kuhudumia wateja mwenyewe, anapeleka chai, anarudisha vyombo. Watu wanaagiza mayai wanainua uso, wanamkuta Bonge Mwembamba kasimama anauliza mkate ukaushwe au hivyohivyo, na sahani mbili mkononi, safari hii za udongo.